Antibiotiki kabla ya kupandikiza jino: dozi moja, kwa saa yake

Mtu akishapandikizwa jino, mara nyingi hutoka kliniki na bahasha ya amoksilini ya siku 5 au 7, kimoja mara tatu. Kwa mwenye afya njema aliyewekewa kipandikizi kimoja au viwili bila matatizo, bahasha hiyo haina kazi kubwa ya kufanya. Kazi ya dawa ya kinga hufanyika kabla kisu hakijagusa ufizi, na inayoifanya ni dozi moja kubwa iliyomezwa kwa wakati. Ukiikosa saa hiyo, vidonge vya wiki nzima havirudishi kilichopotea.

Mwongozo huu ni wa anayejiandaa kupandikizwa, pamoja na muuguzi au daktari kijana anayetaka utaratibu wa kufuata kliniki. Daktari aliyekupima ndiye mwenye neno la mwisho. Haya yatakusaidia kujua umuulize nini.

Dawa inakwenda kuzuia nini

Kipandikizi ni skrubu ndogo ya titani inayokazwa ndani ya mfupa wa taya, kisha jino bandia hufungwa juu yake. Per-Ingvar Brånemark wa Göteborg, Sweden, alimtibu mgonjwa wa kwanza kwa njia hii mwaka 1965, baada ya kugundua kwamba mfupa hushikana na titani moja kwa moja. Kushikana huko huchukua miezi, kwa kawaida 3 hadi 6, na tishio lake la mwanzo ni bakteria wanaoingia siku ile ile ya upasuaji. Mdomo hata ukisafishwa vipi hauwi safi kama ngozi ya tumbo iliyopakwa dawa.

Bakteria wakitua juu ya titani hujijengea utando, kama ule utelezi wa ndani ya mtungi uliokaa na maji muda mrefu bila kusuguliwa. Skrubu haina mishipa ya damu, hivyo dawa inayosafiri na damu huwafikia kwa shida wakishajifunika. Lakini daktari anapotoboa mfupa, tundu hujaa damu, na damu hiyo huganda kuizunguka skrubu. Kama dawa tayari imo mwilini, bonge la damu linaganda likiwa na dawa ndani yake. Bakteria wanakutana nayo kabla hawajapata pa kujishikiza.

Desturi ya kumeza siku nyingi ina historia yake. Utaratibu wa awali wa Waswidi ulimtaka mgonjwa ameze penisilini saa moja kabla ya upasuaji, halafu aendelee kwa siku 10. Ulifuatwa ulimwengu mzima kabla ya kupimwa kwa majaribio. Mwaka 2013 mtafiti Marco Esposito na wenzake, kupitia Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, waliunganisha majaribio 6 yenye wagonjwa 1,162. Kwa wasiopewa antibiotiki, wagonjwa wapatao 6 kati ya 100 walipoteza kipandikizi. Kwa waliopewa, idadi ilishuka kwa theluthi mbili hivi. Maana yake watu 25 wanameza dawa ili mmoja aokoke. Hitimisho lao lilikuwa amoksilini gramu 2, mara moja, saa moja kabla, na hawakupata ushahidi kwamba kuendelea na vidonge baada ya hapo kunaongeza kitu.

Tangu hapo wapo wanaosema hata dozi hiyo moja si lazima kwa mtu mwenye afya, na jaribio la kliniki kadhaa za Sweden lililochapishwa 2022 linawaunga mkono. Hoja yao ina uzito. Hata hivyo, kwa bei ya kipandikizi kwetu, na kwa kuwa kikikataa mtu hurudi mwanzo akiwa na mfupa pungufu, bado naona dozi moja ina faida kuliko hasara. Kwa siku 7, sioni.

Hatua ya 1: Safisha uwanja kwanza

Hakuna antibiotiki itakayokomboa kipandikizi kilichowekwa pembeni ya jino lenye usaha. Wiki mbili tatu kabla, mwone daktari wa meno kwa kusafishwa ugaga, kuzibwa au kung'olewa yaliyooza, na kutibiwa fizi zinazotoka damu. Mwenye kisukari apimwe sukari ya miezi mitatu, na kama imepanda, upasuaji usubiri. Haya ni matibabu ya kupangwa, hayana dharura. Mvutaji wa sigara aache angalau siku kadhaa kabla na wiki kadhaa baada ya upasuaji. Moshi hubana mishipa ya damu ya fizi, na penye damu kidogo dawa nayo hufika kidogo.

Kama umemaliza dozi ya antibiotiki hivi karibuni kwa ugonjwa mwingine, sema. Bakteria waliobaki mdomoni ni wale waliostahimili dawa hiyo, kwa hiyo inafaa kusubiri angalau siku 10, au daktari achague dawa ya kundi jingine.

Hatua ya 2: Mahojiano, na hili swali la aleji

Hapa ndipo kliniki nyingi hupita mbio, na ndipo makosa makubwa yanapoanzia. Katika nchi zilizofuatilia jambo hili, karibu mtu mmoja kati ya 10 husema ana aleji ya penisilini. Wakipimwa, walio wengi mno hawana. Wakati huo huo, tafiti za vipandikizi zinaonesha kwamba walionyimwa amoksilini kwa sababu ya aleji hupoteza vipandikizi zaidi. Jibu la "ndiyo" lisiishie hapo. Chimba.

"Shikamoo mama. Kuna dawa yoyote inayokukataa?"

"Marahaba. Penisilini."

"Ulipoitumia ilikufanyaje?"

"Nilichomwa sindano nikiwa shule ya msingi, nikaanguka."

"Midomo ilivimba? Ulitoka mabaka ya kuwasha, au kifua kilibana?"

"Hapana. Nilikuwa sijala tangu asubuhi, na sindano naiogopa mpaka leo."

"Na baada ya hapo umewahi kumeza amoksilini?"

"Hizi za rangi mbili? Mbona nimemeza sana, nikikohoa."

Mama huyo hana aleji. Alizimia kwa woga na njaa, na tangu hapo amekunywa dawa ya familia ile ile bila kudhurika. Aliyeharisha au kutapika tu naye hana aleji, hayo ni maudhi ya kawaida ya dawa. Unayepaswa kumwogopa ni yule aliyevimba midomo au ulimi, aliyetoka mabaka ya kuwasha mwili mzima ndani ya saa chache, aliyebanwa pumzi, au aliyebabuka ngozi na kutoka malengelenge. Huyo asiguse penisilini ya aina yoyote, na faili lake liandikwe hivyo kwa herufi kubwa.

Swali la pili ni moyo. Homa ya rumatiki bado inaharibu valvu, yaani milango ya damu ndani ya moyo, za vijana wengi Afrika Mashariki, na wapo waliobadilishiwa valvu Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Nairobi au India, wakarudi kuishi maisha ya kawaida mpaka usahau kwamba wana chuma kifuani. Kwa mwenye valvu bandia, aliyewahi kupata maambukizi ya ndani ya moyo, au mwenye aina fulani za moyo wa kuzaliwa nao, dozi ya kabla ya upasuaji wa mdomo ni lazima. Kwake dawa inalinda uhai kwanza, jino baadaye.

Yupo pia anayechomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki 3 au 4 kuzuia rumatiki isirudi. Wengi hudhani, na madaktari wengine pia hudhani, kwamba sindano hiyo inatosha. Haitoshi. Kiwango chake katika damu ni kidogo, na bakteria wa mdomoni wamekwisha kuizoea. Mtu huyu anahitaji dawa ya kundi tofauti, kwa mfano azithromaisini au doksisaiklini, na daktari wake wa moyo ajulishwe mapema. Kama anameza wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, asiiache kwa uamuzi wake mwenyewe. Apime kuganda kwa damu siku moja kabla, daktari apime pande zote mbili za hatari.

Mengine ya kuuliza: dawa za mifupa za kundi la alendronati na zoledroniki, mionzi iliyowahi kupigwa kwenye taya au shingo, dawa za kushusha kinga kama predinisoloni ya muda mrefu. Hizi zinaweza kubadili hata uamuzi wa kupandikiza au kutopandikiza. Anayeishi na VVU na anameza dawa zake vizuri hahitaji nyongeza kwa sababu hiyo peke yake. Na kina mama wanaomeza vidonge vya uzazi wa mpango wasisumbuliwe na uvumi: amoksilini haivivurugi. Inayovivuruga ni rifampisini, ile ya kifua kikuu.

Hatua ya 3: Kuchagua dawa

Asiye na aleji: amoksilini gramu 2 kwa mara moja. Yaani kapsuli 4 za miligramu 500, au 8 za miligramu 250. Wengi hushtuka wakiona kapsuli nne kiganjani, wakameza mbili na kubakiza mbili za kesho. Meza zote. Nguvu ya dozi hii iko katika kupanda haraka ndani ya damu, na ukiigawa umeiharibu.

Aliyewahi kupata vipele vidogo tu zamani, bila kuvimba wala kubanwa pumzi, daktari anaweza kumpa sefaleksini gramu 2. Mwenye aleji kali ya kweli hapewi hiyo. Wake ni azithromaisini miligramu 500. Mwenye matatizo ya mapigo ya moyo aseme kabla ya kuimeza. Vilevile anayemeza dawa mseto ya malaria, maana zote mbili zinaweza kugusa umeme wa moyo. Isitoshe, mwenye malaria hana haja ya kupandikizwa jino wiki hiyo.

Klindamaisini miligramu 600 ndiyo iliyokuwa mbadala wa kawaida kwa miaka mingi, na bado inaandikwa sana. Mwaka 2021 Chama cha Moyo cha Marekani kiliiondoa katika orodha yake ya kinga kwa wagonjwa wa meno, kwa kuwa hata dozi moja inaweza kuleta kuharisha kukali kunakosababishwa na bakteria wa utumbo. Mimi nisingeitumia.

Ampiklosi, ile ya kapsuli iliyozoeleka madukani, haimo katika mpango huu. Metronidazoli peke yake pia haimo.

Hatua ya 4: Kununua

Nunua famasi inayotambulika, siku kadhaa kabla, usingoje asubuhi ya miadi. Omba vidonge vikiwa ndani ya vibao vyake, siyo vilivyohesabiwa ndani ya bahasha ya karatasi. Soma tarehe ya kuisha na namba ya toleo. Dawa ziwe zimesajiliwa na mamlaka ya nchi yako, TMDA kwa Tanzania Bara au Bodi ya Famasi na Sumu kwa Kenya. Kibao kilichokaa kwenye gari juani au dirishani jikoni kiache, amoksilini haipendi joto na unyevu.

Wapo wasiotaka kapsuli kwa sababu ya jelatini iliyomo kwenye ganda lake, na mwambao wa pwani swali hilo huulizwa sana. Jibu ni rahisi: kuna vidonge vya kuyeyushwa majini, na kuna dawa ya maji. Kwa dawa ya maji yenye miligramu 250 katika mililita 5, gramu 2 ni mililita 40. Pima kwa kipimo cha dawa, vijiko vya nyumbani hudanganya.

Hatua ya 5: Saa yenyewe

Lengo ni dakika 30 hadi 60 kabla ya kukata ufizi. Amoksilini hufika kileleni katika damu baada ya saa moja hadi mbili, kisha huanza kushuka upesi.

Tatizo liko kwenye foleni. Miadi ni saa 4 asubuhi, mgonjwa mtiifu anameza saa 3 nyumbani, anakwama barabarani, anafika, umeme umekatika, jenereta linatafutiwa mafuta, anaingia kitini saa 6. Dawa aliyomeza imeanza kuondoka mwilini. Kwa hiyo napendelea utaratibu mmoja: mgonjwa aje na dawa yake mfukoni, daktari amwone, ahakikishe vifaa viko tayari na upasuaji unafanyika, ndipo ameze mbele ya muuguzi. Saa iandikwe kwenye faili. Dakika 45 zinazofuata ni za kupiga picha, kusaini fomu ya ridhaa na kuchomwa ganzi, hakuna muda unaopotea. Dawa ikimezewa kliniki, aleji kali nayo ikitokea, inamkuta mtu mahali penye adrenalini, sindano ya kuokoa aliyepatwa na aleji hiyo.

Ukisahau, usiseme "nitameza nikitoka". Meza pale pale na upasuaji usogezwe mbele. Ukimeza halafu upasuaji ukachelewa zaidi ya saa mbili, mwambie daktari aamue kama utarudia au utaahirisha. Usirudie mwenyewe. Ukitapika ndani ya dakika chache baada ya kumeza, sema pia.

Amoksilini unaweza kuimeza ukiwa umekula au hujala. Kama ni ganzi ya kawaida, kula chakula chepesi asubuhi, uji na mkate vinatosha. Kama utalazwa usingizi, fuata masharti ya kufunga uliyopewa na umeze kwa funda dogo la maji. Mwezi wa Ramadhani, wengi huona tabu kumeza mchana. Kwa kuwa jambo lenyewe halina dharura, pangeni miadi baada ya Idi.

Hatua ya 6: Kitini

Kabla ya kuchomwa ganzi, sukutua kwa klorheksidini ya asilimia 0.12 au 0.2 kwa dakika moja. Kisha mambo ni ya daktari: vifaa vilivyochemshwa kwa mvuke wa mgandamizo, na tepu ya kipimo iliyobadilika rangi juu ya pakiti, glovu tasa, vitambaa tasa, na maji ya chumvi tasa yanayomwagwa wakati wa kutoboa. Mfupa ukipata joto la nyuzi 47 kwa dakika moja huanza kufa, na mfupa uliokufa ni chakula cha bakteria. Maji ya bombani yanayopita kwenye kiti cha meno hayafai kwa kazi hii. Una haki ya kuomba pakiti ifunguliwe mbele yako, na daktari mwenye kujiamini hatakasirika.

Hatua ya 7: Baada ya hapo

Hakuna antibiotiki nyingine kwa upasuaji uliokwenda sawa. Maumivu yanatibiwa kwa parasetamoli, au ibuprofeni kwa asiye na vidonda vya tumbo wala tatizo la figo, na asiyemeza wafarini. Uvimbe wa shavu huongezeka mpaka siku ya 2 au ya 3 ndipo uanze kushuka. Watu wengi huuona siku ya 2, wakaingiwa na hofu na kukimbilia duka la dawa. Ni mwili unafanya kazi yake. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa inasaidia siku ya kwanza. Usisukutue kwa nguvu saa 24 za mwanzo, kisha endelea na klorheksidini mara mbili kwa siku kwa wiki moja au mbili.

Zipo hali ambazo daktari huongeza siku chache, na anapaswa kukueleza sababu: kuongezewa mfupa kwa eneo kubwa, kuinuliwa sakafu ya sainasi ya taya la juu (uwazi wa hewa ulio juu ya meno ya juu), utando wa sainasi uliochanika, au kinga ya mwili iliyoshuka sana. Ukiandikiwa siku 5 bila maelezo, uliza kwa heshima: "Daktari, hizi ni za kuzuia au za kutibu?" Kama ni za kuzuia na upasuaji ulikuwa rahisi, inawezekana akazifuta mwenyewe. Wengine huandika kwa mazoea, wengine kwa kuogopa lawama. Lakini kila kidonge kisicho na kazi kina gharama yake. Mwaka 2019 usugu wa bakteria dhidi ya dawa ulisababisha moja kwa moja vifo takribani milioni 1.27 duniani, na kusini mwa Sahara ndiko ulikoumiza zaidi.

Hatua ya 8: Dalili za kurudi kliniki bila kusubiri miadi

Uvimbe unaozidi baada ya siku ya 3. Usaha au ladha mbaya isiyoisha. Homa. Maumivu yaliyotulia yakarudi kwa nguvu. Mdomo wa chini au kidevu kubaki na ganzi siku inayofuata, hilo ni la mshipa wa fahamu na halisubiri wiki. Ukishindwa kumeza, kufungua kinywa au kuhema, nenda hospitali moja kwa moja, hata kama ni usiku wa manane.

Maambukizi yaliyokwisha kutokea ni suala jingine kabisa: usaha hutolewa kwanza, kisha dawa ya matibabu hutolewa kwa siku zake. Kumeza mabaki ya amoksilini ya mtoto nyumbani kunaficha dalili huku mfupa ukiendelea kuliwa.

Mabaka ya kuwasha yakitokea dakika au saa chache baada ya dozi, toa taarifa mara moja. Yakifuatana na kuvimba midomo au kukoroma kwa pumzi, mgonjwa anachomwa adrenalini miligramu 0.5 kwenye msuli wa paja, kwa mtu mzima, na si kusubiri vidonge vya aleji vifanye kazi. Ukiharisha sana, hasa kukiwa na damu, hata wiki kadhaa baadaye, mwambie daktari kwamba ulitumia antibiotiki.

Miezi baadaye

Mfupa ukishashika, daktari hufungua ufizi kidogo ili kufunga kiungo cha jino. Kwa mtu mwenye afya hatua hii haihitaji dozi nyingine, wala kuchukuliwa vipimo vya jino hakuhitaji. Mwenye valvu bandia hesabu yake ni tofauti: kila ufizi unapoguswa kwa kisu au kwa kusafisha ugaga, dozi yake ya saa moja kabla inarudi, maisha yake yote. Aandikiwe kadi, aibebe pamoja na kadi yake ya wafarini.